Kodi Hii ni ya Nani?

Ilikuwa siku ya soko, miaka michache kabla vita havijaingia mjini Bukavu mnamo Februari 2025. Nilikuwa nimemaliza semina ya walimu wa shule za msingi katika parokia moja ya mashambani, nami nilikuwa narudi mjini kwa gari la abiria, nimebanwa kati ya magunia ya mihogo na ya makaa. Tulipofika kwenye senta ndogo ya biashara, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa wahusika wangali hai, dereva alizima injini. Barabara ilikuwa imezibwa.

Haikuzibwa kwa mawe wala kwa kamba ya bariera. Ilizibwa kwa mabeseni. Akina mama wa soko walikuwa wameyapanga mabeseni yao matupu, yamefudikizwa, kuanzia mlango wa ofisi ya mtoza ushuru hadi ng'ambo ya barabara, na wenyewe wamesimama nyuma yake. Walikuwa wengi, labda mia mbili. Polisi wawili walikuwa wamekaa chini ya mti, wakitazama kama watu wasiojua waanzie wapi. Mbele ya wote msichana mmoja alikuwa ameshika kipande cha katoni kilichoandikwa kwa makaa: HATUKATAI KODI. KODI HII NI YA NANI?

Nikashuka kama abiria wengine. Mama mmoja wa makamo, muuza sambaza, aliponiona na mfuko wangu wa madaftari aliniuliza kama mimi ni mwalimu. Nilipokubali, akafungua kopo la maziwa ya unga akanionyesha vilivyomo: jetoni za ushuru, vikaratasi vidogo vya rangi mbalimbali, alivyovikusanya kwa karibu mwaka mzima. Asubuhi ile pekee alikuwa amelipa mara tatu: kwanza kwa ajili ya meza yake sokoni, pili kwa kile walichokiita usafi, tatu kwenye bariera alipokuwa akiingia na mzigo. Baadhi ya vile vikaratasi vilikuwa na muhuri usiosomeka. Vingine havikuwa na muhuri, wala jina la ofisi, wala tarehe. Akaniambia, "Mwalimu, wewe unajua kuandika. Tuandikie barua, ifike kwa wakubwa."

Nikamjibu kwamba gari linanisubiri.

Na kweli, gari lilikuwa linanisubiri. Lakini dereva mwenyewe alikuwa ameketi akila muhindi wa kuchoma, na tulikaa pale zaidi ya saa moja na nusu kabla mabeseni hayajaondolewa. Muda huo wote nilisimama kando, mikono nyuma, kama mtu anayetazama mchezo wa mpira wa timu asizozijua. Barua ingeweza kuandikwa mara mbili.

Vijana wapendwa, nimekuwa katekista kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Kila mwaka nimefundisha habari ya ile sarafu ya Kaisari, na kila mwaka nimeifundisha kwa ufupi: raia mwema hulipa kodi, Mkristo mwema hulipa kodi na kumwabudu Mungu, tugeuze ukurasa. Tangu siku ile sikuweza tena kuifundisha hivyo. Niliporudi nyumbani nilianza kusoma historia ya kodi katika nchi zetu, na ninayowaandikia hapa ni machache kati ya niliyoyakuta.

Babu zetu walijua kodi kabla hawajajua fedha. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II, kodi ililipwa kwa mpira wa mwituni, kwa pembe za ndovu, kwa chakula, kwa kubeba mizigo. Mwaka 1903, baada ya malalamiko kuenea Ulaya, sheria iliweka kipimo cha saa 40 za kazi kwa mwezi kwa kila mtu. Kwenye karatasi saa 40 ni chache. Msituni, ambako mpira ulipatikana mbali na ambako aliyepima saa ndiye aliyeshika bunduki, kipimo kile hakikumkinga mtu. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, ikaleta kodi ya fedha, na kuanzia mwaka 1910 kila mwanamume mzima alipaswa kulipa faranga kwa kichwa chake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawafundishwi. Kodi ya kichwa haikuwekwa kwa ajili ya kujaza hazina tu. Mtu aliyekuwa na shamba lake, mbuzi wake na migomba yake hakuwa na haja ya faranga. Kodi ilimpa haja hiyo. Ili aipate faranga ilimbidi aende mgodini, au barabarani, au kwenye mashamba makubwa ya walowezi, ambayo huku kwetu Kivu yalikuwa ya kahawa, ya chai na ya kwinini. Mkulima aligeuzwa kibarua bila mtu kumfunga kamba shingoni. Serikali haikumwuliza anahitaji nini. Ilimhesabu tu, kama mikono.

Mwaka 1931 hesabu hiyo ilivunjika katika nchi ya Wapende, huko Kwilu, magharibi mwa Kongo. Wapende walikuwa wakikata ngazi za michikichi kwa ajili ya makampuni ya mafuta ya mawese. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza mwaka 1929, bei ya chikichi ilianguka vibaya, lakini kodi haikushuka pamoja nayo. Mtu aliyehitaji kazi ya muda mfupi kupata faranga za kodi sasa alihitaji kazi ya muda mrefu zaidi, na asiyelipa alipigwa na kufungwa. Mnamo Juni 1931 mtumishi mmoja wa serikali, Mbelgiji aliyeitwa Maximilien Balot, aliuawa. Jeshi likaja. Wapende waliouawa walikuwa zaidi ya 500. Watu wale hawakuwa na ofisi ya kupeleka malalamiko, wala mahakama, wala mbunge, wala gazeti. Sisemi hili ili kuhalalisha damu ya Balot. Naye alikuwa mtoto wa mama. Nasema tu kwamba mlango ulipokosekana, watu waligonga ukuta, na ukuta ukawaangukia.

Sasa nendeni pamoja nami mashariki, hadi Upare, milimani kaskazini mwa Tanzania, ambayo wakati huo ilikuwa Tanganyika chini ya Waingereza. Mambo ya huko aliyaandika mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mwana wa Upare, katika kitabu chake juu ya mbiru. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia watawala wa wilaya waliamua kuongeza juu ya kodi ya kawaida kodi nyingine ya ngazi, ambayo mwenye mali nyingi angelipa zaidi na mwenye mali kidogo angelipa pungufu. Wakaipa jina la mbiru, lililotokana na ushuru wa kale ambao Wapare waliwapelekea watawala wao wa jadi, wakidhani kwamba jina la kimila litaifanya ipokelewe kwa urahisi.

Tukiitazama kwa macho ya darasani, kodi ile ilikuwa ya haki kuliko ile ya awali. Mafundisho ya Kanisa yenyewe hupenda kila mtu achangie kwa kadiri ya uwezo wake. Basi kwa nini watu waliikataa? Kwa sababu mali yao ilikadiriwa na wengine, kwa namna ambayo wao hawakuiona wala hawakuulizwa. Mwenye ng'ombe watano aliweza kuandikiwa kiasi kimoja leo na jirani yake mwenye ng'ombe watano kiasi kingine, na hapakuwa na mahali pa kuuliza kwa nini. Nimewahi kuwauliza walimu wanafunzi wangu: je, sheria nzuri iliyotungwa gizani ni nzuri? Darasa liligawanyika, na mjadala ulichukua kipindi chote. Sikuwapa jibu. Wapare walikwisha kulitoa lao.

Mnamo Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani, wakatembea hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi pale. Hawakuchoma nyumba. Waliketi, waliimba, walisali, wakaandika malalamiko na kuyapeleka ngazi baada ya ngazi. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo, Mkristo wa Kisabato. Angalieni jambo hili: wengi wao walisema waziwazi kwamba kodi ya kawaida wako tayari kuilipa, ilikuwa mbiru waliyoikataa. Wanawake nao hawakubaki nyuma. Mwanzoni mwa mwaka 1946, huko Usangi, waliwakabili maofisa wenyewe uso kwa uso, wakidai mgogoro umalizwe, kwa sababu nyumba zilikuwa zimekaa bila baba na mashamba bila mikono. Ilichukua muda mrefu na wengine walifungwa, lakini kabla ya miaka ya 1940 kwisha mbiru ilikuwa imefutwa.

Habari ya tatu ni ya jirani kabisa, nayo ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Ninyi mnaosafiri mnaifahamu njia: unatelemka kutoka Bukavu, unafuata bonde la Ruzizi mpaka Uvira, unavuka mpaka, na upande wa pili wa ncha ya ziwa unaingia Bujumbura. Ndani ya mji huo kuna mtaa uitwao Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wenye misikiti, mafundi na biashara ndogondogo. Katika miaka ya 1950 mji ule uliitwa Usumbura nao ulitawaliwa na Wabelgiji, kama sisi.

Katika miji ya Kongo na ya Ruanda-Urundi serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka kodi ya namna yake juu ya wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao bila mume. Wakati huohuo sheria ya mwaka 1950 ilikataza ndoa mpya za mitara. Hapo tatizo likaanza. Mwanamke Mwislamu wa Buyenzi aliyeolewa mke wa pili kwa taratibu za dini yake, machoni pa karani wa serikali hakuwa mke wa mtu. Mjane mzee aliyeishi kwa heshima nyumbani kwake alikuwa mwanamke anayeishi peke yake. Wote waliingia katika daftari moja, na watu wa mitaani walilijua daftari hilo kuwa ni daftari la malaya.

Fikirini, vijana. Mjane aliyelea watoto na wajukuu, anayefunga Ramadhani, anagongewa mlango na kuambiwa atoe faranga, na kila jirani anajua faranga hizo zinamaanisha nini. Kiasi kilikuwa kidogo ukikilinganisha na aibu. Katikati ya miaka ya 1950 wanawake wa Buyenzi walikataa kwa umoja. Hawakusema kwamba hawana fedha. Walikataa kulipia jina ambalo halikuwa lao.

Sisi Wakatoliki tunaposoma habari hii tunapaswa kuinamisha vichwa kidogo. Sheria dhidi ya mitara iliwafurahisha wengi miongoni mwa wamisionari wetu, na mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ni yale yale hata leo. Mimi mwenyewe nayafundisha kwa moyo wangu wote. Lakini ukweli wa mafundisho hauipi serikali ruhusa ya kumwita mjane malaya na kumtoza kwa jina hilo. Walioliona hilo kwa uwazi zaidi walikuwa akina mama Waislamu wa mtaa wa mafundi.

Niliposoma habari ya Buyenzi nililielewa upya lile kopo la maziwa. Zile jetoni zisizo na jina wala muhuri zilikuwa zikimwambia yule mama jambo fulani. Zilimwambia kwamba yeye ni njia ya fedha kupita, si mtu anayestahili kujua zinakwenda wapi. Na kile kipande cha katoni ndicho kilichokuwa jibu lake.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya wakoloni tu. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji na wenzao wa Denmark walitoa ripoti ya bariera walizozihesabu katika Kivu mbili: zilikuwa 798, na kati ya hizo 486 zilikuwa katika jimbo letu la Kivu Kusini. Nyingine zilikuwa za jeshi, nyingine za ofisi za serikali, nyingine za makundi yenye silaha, na mama mwenye beseni hana njia ya kuzitofautisha, kwa maana mkono unaonyoshwa ni ule ule. Mwaka 2020 nchi nzima ilikutana na kodi iliyoitwa RAM, ya kuandikisha simu za mkononi. Ilikuwa dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo na dola 7 kwa simu za intaneti, nayo ilikatwa kidogokidogo kutoka kwenye vitengo ulivyonunua. Mtu aliweka vitengo vya kumpigia mama yake kijijini, akakuta vimepungua kabla hajasema "alo". Vijana wa vyama vya kiraia, wakiwemo wa LUCHA, waliandamana. Wengi waliandika, wengi walilalamika. Hatimaye wabunge walimhoji waziri, na mwanzoni mwa mwaka 2022 RAM ikafutwa. Baadhi yenu mlikuwa miongoni mwa walioandamana. Nami niliwaona mkipita, nikiwa dirishani mwa darasa langu.

Je, Mkristo afanye nini? Kwanza, alipe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inahesabu kulipa kodi kuwa wajibu wa dhamiri, sawa na kupiga kura na kuitetea nchi. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya Furaha na Matumaini, unawakaripia wale wanaokwepa kodi za haki kwa hila. Ninazo sababu za kulikazia hili, maana kila palipo na maandamano ya kodi huingia pia mfanyabiashara mkubwa asiyetaka kulipa chochote, akajificha nyuma ya mabeseni ya akina mama. Walimu wanaokaa miezi bila mshahara wanajua vizuri nchi inakuwaje pale hazina inapokosa fedha.

Lakini hati zile zile zinasema kodi ya haki, na neno haki si pambo. Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 174, inatamka kwamba kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria, na papo hapo inasema kuchangia gharama za taifa ni wajibu wa kila akaaye nchini. Mambo mawili katika ibara moja! Ibara ya 26 inampa raia haki ya kuandamana kwa amani, mradi viongozi wamejulishwa kwa maandishi. Na ibara ya 27, ambayo nakiri sikuwa nimewahi kuisoma mpaka baada ya siku ile ya soko, inasema kila Mkongomani anaweza kuipelekea serikali ombi la maandishi, peke yake au pamoja na wenzake, na serikali inapaswa kujibu katika muda wa miezi mitatu. Nimefundisha elimu ya uraia kwa miaka mingi nikiwakaririsha wanafunzi rangi za bendera.

Turudi kwa ile sarafu. Wakati wa Yesu kodi ya Kaisari haikuwa swali la shuleni. Alipokuwa angali mtoto, Yuda Mgalilaya aliongoza uasi siku za kuandikwa kwa watu, na Matendo ya Mitume yanasema jinsi yeye alivyoangamia na wafuasi wake wakatawanyika. Waliomwuliza Yesu walijua kwamba jibu la ndiyo lingemchukiza kwa watu, na la hapana lingempeleka gerezani. Sisi hukimbilia neno lake la mwisho. Mimi sasa nasimama kwenye la kwanza: aliomba aonyeshwe sarafu. Aliitaka iwekwe mbele ya macho ya wote, na akauliza picha hii ni ya nani na anwani hii ni ya nani. Kabla ya kusema nini kilipwe, aliuliza ni cha nani. Yule msichana mwenye katoni, ambaye sijui kama alikuwa Mkatoliki au la, aliuliza vivyo hivyo.

Kuna na ile habari ya Rehoboamu katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, ambayo ninaipenda kwa sababu inawahusu vijana kwa namna isiyowapendeza. Makabila ya Israeli yalikusanyika Shekemu, yakamwomba mfalme mpya awapunguzie mzigo aliowatwika baba yake. Mfalme akaomba siku tatu. Wazee walimshauri aseme na watu kwa upole. Vijana, rika lake, waliolelewa pamoja naye katika jumba la kifalme, walimshauri aongeze mzigo na kuwatisha watu. Aliwasikiliza vijana. Akamtuma msimamizi wa kazi za shokoa, watu wakampiga mawe akafa, na ufalme ukapasuka vipande viwili. Kwa hiyo mtu akiwaambieni kwamba ujana peke yake unatosha kuiponya nchi, mkumbusheni Shekemu. Wapo vijana waliokulia kwenye mabeseni, na wapo waliokulia karibu na meza ya mtoza ushuru.

Katika jimbo letu kuu hatukosi mifano ya waliosema. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini mwetu tarehe 29 Oktoba 1996. Mrithi wake, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, katika ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999 aliulaumu uporaji wa nchi, wala hakuwalaumu wageni peke yao; aliwagusa pia wenyeji waliokubali kuwasaliti ndugu zao kwa fedha kidogo. Mnamo Februari 2000 alizuiwa kurudi Bukavu, akakaa uhamishoni Butembo hadi Septemba. Wakati ule nilikuwa mwalimu kijana. Nakumbuka makanisa yaliyonyamaza, maduka yaliyofungwa, na watu wazima wakitembea polepole kana kwamba kuna msiba katika kila nyumba. Hapakuwa na jiwe mkononi mwa mtu. Hata hivyo kila mmoja alijua tunachokidai, nacho kilikuwa na jina: arudishwe baba yetu. Alirudi. Aliaga dunia Roma wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba.

Baada ya kuyasoma hayo yote nilirudi kwenye ile senta. Zilikuwa zimepita wiki tano, na sikuwa na semina yoyote upande ule. Nilikwenda na walimu wanafunzi wanne. Yule mama alinitambua, akaniuliza kwa sauti, mbele ya wenzake, kama leo gari langu lina haraka. Nilistahili.

Tulikaa kwenye benchi la shirika lao, chini ya mwembe, kuanzia saa nne hadi jua lilipoelekea kutua. Kopo likamwagwa juu ya mkeka, na jetoni zikapangwa kwa rangi na kwa mwezi. Akina mama wengine wakaleta za kwao, nyingine zimekunjwa ndani ya ncha ya kitenge, nyingine zimeliwa na mende. Barua ilitoka kurasa tatu. Haikumtukana mtu. Ilitaja kila ushuru, kiasi chake na siku zake, kisha ikauliza kwa kila mmoja: ni kwa sheria gani, unakwenda hazina gani? Waliojua kuandika walitia sahihi, wasiojua walitia kidole gumba. Tulitengeneza nakala mbili, na wajumbe watatu wakaipeleka, wakakataa kuondoka mpaka nakala yao igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani aliwaambia hajawahi kuona wauza sambaza wakidai muhuri.

Jibu lilikuja siku ya themanini na moja, karatasi moja tu. Ushuru wa meza ya soko ulielezwa vizuri, pamoja na namba ya sheria yake na kiasi halali, ambacho kilikuwa pungufu kidogo ya walichokuwa wakitozwa. Juu ya zile mbili nyingine karatasi haikusema neno. Wa meza wakaendelea kuulipa, kwa kiasi kilichoandikwa, wakiishika ile karatasi mkononi. Mtoza wa usafi hakuonekana kwa majuma kadhaa, kisha akarudi. Bariera haikuondoka hata siku moja.

Nilipopita tena walikuwa wanaandika barua ya pili. Mwandiko ulikuwa wa binti wa yule mama, mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari, ndiye yule yule aliyekuwa ameshika katoni. Walinipa niisome. Nilisahihisha makosa mawili ya tahajia, nikairudisha.